KUAMBIWA NGOJA NA CHUO CHA USALAMA

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Halmashauri ya Tawi katika mkutano wa wanachama, Isiolo. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



 Twajua wengine wenu mmetoka kazini moja kwa moja, na vumbi la barabara bado limo katika nguo zenu. Kwa hiyo hatutasema maneno mengi ya kupamba. Leo tuna shauri moja tu, nalo ni lile la ndugu yetu aliyechaguliwa kwenda chuo cha usalama wa kazi, akafunga sanduku lake, kisha akaambiwa angoje. Yeye mwenyewe ameketi hapa katikati yenu, na ametupa ruhusa tulieleze jambo lake. Jina lake hatutaliandika katika gazeti, wala jina la chuo, wala la karakana. Hatukuja hapa kumshitaki mtu. Tumekuja kujifunza, maana jambo lililompata yeye laweza kumpata yeyote kati yetu kesho.

Mambo yalivyokuwa

Wengi wenu mwajua karakana anayofanya kazi. Ni ya malori, yale yanayopanda kwenda Marsabit na Moyale na yanayoshuka kwenda Nanyuki na Nairobi. Wafanyakazi ni 34. Mwaka uliopita kijana mmoja alikuwa akichomelea tangi la petroli lililotoboka. Tangi lilikuwa tupu, au tuseme lilionekana tupu. Petroli ilikuwa imekwisha, lakini mvuke wake ulikuwa umebaki ndani, na mvuke ndio unaoshika moto upesi kuliko petroli yenyewe. Tangi likapasuka. Kijana aliungua mikono yote miwili na upande wa uso. Twamshukuru Mungu yu hai, na leo amerudi kazini, lakini vidole vya mkono wa kushoto havikunjiki sawasawa.

Baada ya jambo hilo wafanyakazi walikataa kunyamaza. Chama kilikwenda kwa meneja kikamwonyesha sheria, na katika mwezi wa Januari kamati ya usalama ikachaguliwa: watu watatu wa upande wa wafanyakazi na watatu wa upande wa tajiri. Ndugu yetu alipata kura nyingi kuliko wote. Ikakubaliwa kwamba yeye aende chuoni mwezi wa Mei, ajifunze, kisha arudi kuwafundisha wengine. Tajiri alilipa ada. Sisi tulichanga nauli na fedha za matumizi, tukapata shilingi 6,200. Mama anayetuuzia chai alileta maandazi ya safari. Siku ya Ijumaa tulimfanyia karamu ndogo, tukatoa hotuba, tukampa mkono. Ilikuwa aondoke Jumapili kwa basi la asubuhi.

Jumamosi saa nne ikaja barua. Ilikuwa fupi, mistari mitano tu. Ilisema kwamba nafasi za kundi lile zimejaa, na kwamba yeye amewekwa katika kundi la mwezi wa Septemba. Ilimwomba radhi kwa usumbufu. Basi, hayo tu.

Ndugu wanachama, mtu aliyeagwa Ijumaa afanyeje Jumatatu? Ndugu yetu hakuja kazini Jumatatu. Alikwisha kuomba siku zake za likizo kwa ajili ya masomo, kwa hiyo akakaa nyumbani. Hakutoka mchana. Kwa muda wa siku tisa alikuwa akipita njia ya nyuma ya soko ili asikutane na watu wa karakana. Na mjini maneno hayakukawia. Mmoja alisema chuo kimemkataa kwa kuwa hakumaliza shule. Mwingine alisema ameshindwa Kiingereza. Wa tatu alisema fedha za mchango zimekwisha kuliwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona barua.

Na huko karakana meneja alimwita katibu wa kamati akamwambia hivi: kwa kuwa mafunzo yameahirishwa, na kamati nayo ingoje mpaka Septemba. Hakuna cheti, hakuna kamati.

Hapo ndipo tulipotambua kwamba shauri hili lina mambo mawili. Moja ni la moyo wa mtu mmoja. La pili ni la mikono na macho ya watu 34. Tutayasema yote mawili.

Ngoja si hapana

Tuanze na moyo wa mtu. Wazee wetu walituachia maneno mawili yanayopingana. Husema subira huvuta heri. Tena husema ngojangoja huumiza matumbo. Mtu akiahirishwa, marafiki humletea lile la kwanza, na tumbo lake humwambia la pili. Sisi twaona yote mawili ni kweli, na kazi ni kujua lipi latumika wapi. Kwa nafasi ya chuo, uwe na subira, kwa maana huwezi kulazimisha mlango. Kwa kazi iliyo mbele yako, usingoje hata siku moja.

Tulikwenda nyumbani kwake watu watatu, usiku. Hatukwenda kumpa pole ya msiba. Tulimwomba atuonyeshe barua, tukaisoma pamoja naye kwa taa, neno kwa neno. Tuliposoma kwa utulivu tuliona mambo matatu ambayo yeye kwa uchungu wake hakuyaona. Kwanza, barua haikusema amekataliwa. Jina lake limo katika orodha, na mwezi umetajwa. Pili, haikutoa kosa lolote juu yake, wala masomo yake, wala mwenendo wake. Tatu, ilimtaka athibitishe kwa maandishi kwamba ataingia kundi la Septemba, na siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa imebaki juma moja tu. Lau angaliendelea kujificha, angalipoteza na ile nafasi ya pili. Angalijikataa mwenyewe, kisha tungalikilaumu chuo.

Tuliandika jibu usiku ule ule. Kesho yake likapelekwa, na nakala ikabaki katika faili ya Tawi.

Siku ya pili, kwa ruhusa yake, barua ile ilisomwa kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote wakati wa chai. Uvumi ukafa pale pale. Mweka hazina akasimama akaonyesha shilingi 6,200 zote, hazijaguswa, akaziandika katika daftari kwamba zimewekwa kwa ajili ya Septemba. Ndugu yetu akarudi kwenye kazi yake. Hatusemi aliruka kwa furaha. Lakini alirudi akipita njia kuu.

Mfano wa vijana wa mwaka 2014

Mtu asifikiri mambo haya ni ya karakana moja ya Isiolo. Wengi wenu mwakumbuka uandikishaji wa polisi wa tarehe 14 Julai 2014. Nchi nzima vijana walikimbia viwanjani, wakapimwa kimo na meno, na kiasi cha 10,000 wakachaguliwa kuingia katika vyuo vya polisi. Furaha ilikuwa kubwa manyumbani. Lakini malalamiko ya hongo na upendeleo yalitokea mahali pengi, na ile halmashauri huru ya kuwasimamia polisi ikalipeleka jambo mahakamani. Tarehe 31 Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaufuta uandikishaji ule. Vijana walioamini kwamba safari yao ni ya Kiganjo wakabaki majumbani.

Tarehe 2 Aprili 2015 yakatokea mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakafa. Siku hiyo hiyo Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wale 10,000 waende chuoni mara moja. Watu wakafunga masanduku tena. Lakini shauri lilikuwa bado mahakamani, na amri ile haikuweza kusimama. Uandikishaji ukafanywa upya mwaka huo huo wa 2015, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na ile hukumu ya kwanza. Basi mtu mmoja aliweza kuchaguliwa, akafutwa, akaitwa, akazuiwa, kisha akaambiwa akimbie upya pamoja na wengine, yote hayo kabla ya kutimia mwaka mmoja.

Hatusemi mahakama ilikosea. Palipo na hongo, mtoto wa maskini ndiye anayeachwa nje, na sisi wa chama hatuwezi kulilia uandikishaji wa namna hiyo. Lakini twawaambia wazazi na vijana funzo moja: barua ya kuitwa si kiti cha darasani. Usiache kazi kwa sababu ya barua. Usiuze ng'ombe wa maziwa kwa sababu ya barua. Waage watu siku umepanda basi. Na ukiambiwa ngoja, weka mwili na akili tayari, kwa maana siku ya kuitwa upya hawaulizi ulikuwa na huzuni kiasi gani. Wataka kuona kama unaweza kukimbia.

Hatari haina kundi la Septemba

Sasa tuje kwenye jambo la pili, lile neno la meneja kwamba kamati ingoje cheti.

Ndugu zetu, neno hilo si kweli, na kila mwanachama apaswa kujua kwa nini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua mahali pa ile Sheria ya Viwanda ya tangu siku za ukoloni, yasema kwamba mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Haisemi watu 20 wenye vyeti. Yasema watu 20. Kamati huzaliwa kwa hesabu ya vichwa na kwa kura, wala haizaliwi chuoni. Kanuni za kamati hizo, zilizotolewa mwaka 2004, zataka kamati ikutane angalau mara moja katika kila miezi mitatu. Penye wafanyakazi kati ya 20 na 100, wajumbe wasipungue watatu kwa kila upande.

Ni kweli pia, na hatutaki kuficha, kwamba kanuni hizo zataka kila mjumbe apate mafunzo ya kwanza katika muda wa miezi sita tangu kuchaguliwa. Ndugu yetu alichaguliwa Januari. Miezi sita ilikuwa inakwisha Julai, na chuo kimesema Septemba. Hapo meneja alikuwa na jambo la haki, lakini alilishika kwa mkia. Mafunzo yakichelewa, dawa si kuivunja kamati. Dawa ni kutafuta mafunzo mengine kwa mwalimu aliyekubaliwa na serikali, au kumwandikia mapema afisa wa usalama na afya kazini kumweleza sababu, na kuambatisha ile barua ya chuo. Tulimwomba meneja atie sahihi barua ya namna hiyo. Alisita siku mbili, kisha akatia. Twamshukuru kwa hilo.

Tena sheria yasema kwamba kumfundisha mfanyakazi jinsi ya kufanya kazi bila kuumia ni wajibu wa mwenye mahali pa kazi. Si zawadi. Mwezi wa Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani katika mkutano wake wa Geneva liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, pamoja na haki ya kuwa na chama. Kwa hiyo mtu akikuambia usalama ungoje, mwulize kwa adabu kama mshahara wa utumwa nao wangoja.

Kamati ilikutana Alhamisi, chini ya ule mwarobaini ulio nyuma ya karakana. Ndugu yetu alikuwapo. Hawakuwa na mwalimu. Walikuwa na daftari, kalamu, na macho yao. Walizunguka karakana mzima kwa mzima wakaandika kila kitu kinachoweza kumwua au kumlemaza mtu. Tutawasomea machache. Lori liliinuliwa kwa jeki tupu, na fundi yuko chini yake, bila vigogo wala stendi za chuma za kulishikilia jeki ikishindwa. Mtungi wa kuzimia moto uliokuwa ukutani sindano yake ilikuwa imelala kwenye nyekundu, maana yake hauna nguvu. Tairi lenye ringi la chuma lilijazwa upepo na kijana aliyeinama juu yake, ambapo ringi likifyatuka laweza kumpasua kichwa. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na mkasi mmoja wenye kutu na chupa tupu.

Wakamaliza kwa kuandika jambo la tano kwa herufi kubwa: TANGI LA PETROLI LISICHOMELEWE HAPA MPAKA TUPATE MTU AJUAYE KULISAFISHA NA KULIPIMA.

Meneja alisoma orodha. Baada ya majuma mawili stendi sita za chuma zilikuja kutoka Meru, mtungi ukajazwa, sanduku likajazwa. Kizimba cha chuma cha kujazia matairi bado hakijaja, na tunakiulizia kila Ijumaa.

Usiku wa lori la Marsabit

Jambo la tano lilijaribiwa mapema kuliko tulivyodhani. Usiku mmoja, kiasi cha saa tano, liliingia lori lenye tangi la petroli linalovuja. Dereva alikuwa na haraka ya kufika Marsabit kabla ya jua kuwa kali, na alikuwa tayari kulipa mara mbili. Fundi wa zamu alikwisha kutoa petroli yote na kushika chuma cha kuchomelea. Ndugu yetu alikuwa zamu hiyo hiyo. Akasema, "Simama."

Dereva alimcheka. Alimwambia, "Wewe si ndiye yule aliyekataliwa na chuo?"

Ndugu wanachama, twawaomba mtazame hapo. Laiti angalikuwa bado anajificha kwa aibu, angalinyamaza. Laiti kamati ingalikuwa imelala mpaka Septemba, hapangalikuwa na karatasi ukutani ya kumwunga mkono. Alijibu kwa upole, "Kweli sijafundishwa kulisafisha tangi hili. Ndiyo sababu nasema tusiliguse." Tena akamkumbusha fundi wa zamu vidole vya yule kijana.

Sheria iko upande wake. Mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, ni wajibu wake kumwarifu msimamizi, na mpaka hatari ile iondolewe haruhusiwi mtu kuwalazimisha wafanyakazi warudi pale. Tena mfanyakazi haruhusiwi kufukuzwa wala kuonewa kwa sababu tu amelalamika juu ya jambo la hatari, au kwa sababu yu mjumbe wa kamati ya usalama. Lakini usiku ule hakuna aliyefungua kitabu. Fundi aliweka chuma chini.

Msimamizi aliamshwa. Kulipopambazuka wakapata tangi jingine kuukuu lililokuwa zima, wakalifunga. Dereva aliondoka saa sita mchana, amechelewa saa kumi na tatu, na amekasirika. Alifika. Fundi naye alikwenda nyumbani na vidole kumi.

Hatutaki kutia chumvi. Hatujui kama tangi lile lingalipasuka. Pengine lisingalipasuka, kama mengi mengine. Lakini lile la mwaka uliopita nalo tulidhani halitapasuka.

Makosa yetu wenyewe

Haifai kuwahukumu wengine na sisi tukajiacha. Halmashauri ya Tawi ina makosa matatu, nayo twayakiri mbele yenu.

La kwanza, tulimfanya mtu mmoja kuwa usalama wetu wote. Tulisema ataenda, atajifunza, atarudi kutufundisha, kana kwamba sisi wengine hatuna macho. Alipoahirishwa, kila kitu kilisimama. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tangu sasa kila mara majina mawili yatapelekwa chuoni, na wajumbe wote wa kamati watafundishana yale wanayoyajua.

La pili, tulimruhusu achukue siku zake za likizo kwa ajili ya masomo. Siku za likizo ni za kupumzika, nazo kwa sheria ya kazi ya mwaka 2007 hazipungui siku 21 za kazi kwa mwaka. Mafunzo ya usalama ni kazi ya tajiri, na wakati wake ni wakati wa kazi. Tumeliandika jambo hilo kwa meneja, na zile siku tisa ameahidi kuzirudisha. Tunangoja kuziona katika daftari.

La tatu, hatukuuliza chuo mapema. Tangu Februari mpaka Mei hakuna mtu aliyepiga simu kuuliza kama nafasi imethibitishwa. Tulishughulika na karamu. Majuma mawili kabla ya safari ni wajibu wa katibu kupata neno la uhakika. Kutoka hapa mpaka Nairobi ni karibu kilomita 280. Mtu asifike kule ndipo aambiwe arudi.

Mtu aliyeahirishwa afanye nini

Kwa ajili ya wale watakaopenda kulikata karatasi hili na kulihifadhi, twaandika kwa ufupi:

1. Soma barua mara mbili, kisha mpe mtu mwingine aisome. Tafuta mambo haya: je, umekataliwa au umeahirishwa? Mpaka lini? Unatakiwa kujibu lini?

2. Jibu kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho. Weka nakala. Kama sababu haikutajwa, uliza kwa adabu. Unayo haki ya kuuliza.

3. Mwarifu tajiri siku hiyo hiyo, na chama siku hiyo hiyo. Ada iliyolipwa ihamishwe kwa maandishi kwenda kundi lijalo. Kama tajiri aliomba kurudishiwa gharama kutoka katika ile kodi ya mafunzo, ambayo hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, aarifu kwamba tarehe zimebadilika.

4. Rudi kazini. Waambie wenzako mwenyewe, kabla uvumi haujawaambia.

5. Fedha za watu zihesabiwe mbele ya watu.

6. Tumia miezi ya kungoja. Soma sheria, katika ofisi ya Tawi ipo nakala, na atakayeshindwa na Kiingereza chake atasomewa na katibu kila Jumatano jioni. Andika hatari za mahali pako pa kazi. Utakapofika chuoni utakuwa na maswali ya kweli ya kumwuliza mwalimu.

7. Usijifanye unajua usiyofundishwa. Kusema "simama" hakutaki cheti. Kusafisha tangi la petroli kwataka.

Bwana afya

Kabla hatujaketi twataka kuwakumbusha mtu mmoja. Tom Mboya, ambaye vyama vyetu vya wafanyakazi havimsahau, alisoma Holy Ghost College, Mang'u, lakini fedha za kuendelea mbele hazikuwapo. Mlango ule ulifungwa. Mwaka 1948 akaingia shule ya mabwana afya ya Nairobi, akamaliza mwaka 1950, akawa akikagua usafi mjini. Kazi ya bwana afya ni nini, kama si kazi ya usalama? Ni kuingia mahali, kutazama, na kusema jambo hili litaleta ugonjwa, liondolewe. Katika kazi hiyo ndipo alipoona jinsi wafanyakazi wanavyotendewa, na mwaka 1952 akakianzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Chuo kikubwa kilimjia baadaye, mwaka 1955, alipokwenda kusoma Ruskin College kule Oxford. Alipofika alikuwa amekwisha kufanya kazi ya kutosha ya kuwa na maswali. Leo chuo cha wafanyakazi kilichoko Kisumu chaitwa kwa jina lake.

Hatusemi kila aliyeahirishwa atakuwa Tom Mboya. Twasema kwamba yeye naye alifungiwa mlango, na hakukaa nje ya mlango akiutazama.

Maazimio

Halmashauri yawaombeni mkubali mambo mawili, kwa kuinua mikono. Moja, kwamba ndugu yetu abaki mjumbe wa kamati ya usalama, na kwamba aende mwezi wa Septemba, yeye pamoja na mwenzake wa pili. Mbili, kwamba kila karakana, kila duka kubwa, na kila mahali pa ujenzi penye wanachama wetu na watu 20 au zaidi palete kwa Tawi majina ya kamati yake kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Pale ambapo hapana kamati, mtuambie, nasi tutakuja.

Na wewe ndugu yetu uliyekaa pale, twakwambia neno hili mbele ya wote. Karamu ya safari hatutaifanya tena. Mama chai amesema maandazi atayaleta kituoni, siku ile ile, basi likiwa limekwisha kuwasha mashine.

 Umoja ni nguvu.

(Maazimio yote mawili yalipita. Mikono iliyoinuliwa haikuhesabiwa, maana hapakuwa na aliyepinga. Majina ya kamati yapelekwe kwa Katibu wa Tawi, ofisini, siku yoyote ya kazi baada ya saa kumi na moja jioni.)